Ohio State: Mratibu wa mashambulizi awe wa nyumbani au wa kuja?

Ryan Day alipanda ngazi kwa kupanga mashambulizi. Tangu alipokuwa kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Marekani ya chuo cha Ohio State mwaka 2019 hadi 2023, ni yeye aliyeamua mchezo gani uchezwe kila mpira ulipotaka kuanzishwa. Kikwazo kilikuwa Michigan: 2021, 2022, 2023, vipigo vitatu mfululizo kutoka kwa watani wa jadi. Ikabidi usukani huo amwachie mratibu wa mashambulizi, na swali likawa: wa nyumbani au wa kuja?

Waliompigia debe Brian Hartline walikuwa na hoja nzito. Mcheza kwao hutunzwa: alichezea chuo hichohicho kama mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira inayorushwa, akaenda NFL, ligi ya kulipwa, akarudi kuwafundisha wapokeaji. Garrett Wilson, Chris Olave, Jaxon Smith-Njigba na Marvin Harrison Jr. walipita mikononi mwake, na wote wakachaguliwa raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana vijana wa vyuo. Katika futiboli ya vyuo, ambako vijana wa sekondari hugombewa na kila chuo kikubwa, mtu wa aina hiyo ukimnyima cheo wenzako watampa. Basi mwaka 2023 akapewa cha mratibu wa mashambulizi. Cheo tu, karatasi ya michezo, ile anayoishika mwenye kuamua mchezo gani uchezwe, ilibaki kwa Day.

Wapinzani wake nao hawakukosea. Kumnoa mpokeaji ni kazi moja, na kuongoza wachezaji 11, ukiwa na sekunde 40 tu kati ya mchezo na mchezo, ni kazi nyingine kabisa. Kazi hiyo inataka mzoefu. Januari 2024 Day akamchukua Bill O'Brien, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa Houston Texans ya NFL, lakini hata kabla ya mazoezi ya masika jamaa akaenda zake Boston College. Akaja Chip Kelly, aliyeacha ukocha mkuu wa chuo cha UCLA ili awe msaidizi. Wengi walicheka kwamba ameshuka. Kwangu lililokuwa na uzito ni jambo jingine: Day alikuwa kwotabeki, mrusha mipira, wa chuo cha New Hampshire wakati Kelly akipanga mashambulizi ya chuo hicho, kisha akafanya kazi chini yake katika timu za NFL, Eagles na 49ers. Bosi alikuwa amemwajiri mwalimu wake.

Haikuwa mteremko. Novemba 2024, nyumbani Columbus, Ohio State walizidi kupeleka mpira katikati, palepale walipojaa walinzi wa Michigan, Mason Graham na Kenneth Grant, mapande ya watu. Yadi 77 za kukimbia mechi nzima, huku Jeremiah Smith, mpokeaji hatari kuliko wote nchini, akizurura pembeni. Michigan 13, Ohio State 10. Siku ile hata mimi ningemfukuza Kelly.

Mtoano wa ubingwa wa taifa ulipoanza, mpira ukaanza kumfuata Smith. Tennessee wakala 42-17, Oregon 41-21. Fainali na Notre Dame, 20 Januari 2025, matokeo yakiwa 31-23 na muda ukiyoyoma, zilihitajika yadi 11 katika jaribio la tatu kati ya manne ili kuendelea kushika mpira. Makocha wengi hapo wangekimbia na mpira ili saa iendelee kula dakika. Ohio State wakarusha mpira mrefu kwa Smith, yadi 56. Ubingwa, 34-23.

Kelly akaondoka kwenda Las Vegas Raiders ya NFL, na safari hii Hartline akapewa cheo pamoja na karatasi. Mechi 12 za msimu wa kawaida wa 2025, ushindi 12, Michigan akiwemo kwa 27-9. Asiyeona kazi hapo ana lake jambo. Kisha Indiana wakawafunga 13-10 kwenye fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo, siku chache baada ya Hartline kutangazwa kocha mkuu wa chuo cha South Florida. Kwenye mtoano Day akachukua tena karatasi, na Miami wakashinda 24-14.

Kwa hiyo hoja kwamba wa nyumbani akipewa cheo atadumu haina mashiko; akifanya vizuri ananyakuliwa kama mgeni yeyote. Hoja ya uzoefu nayo ilitikiswa na ile mechi ya Michigan. Mimi naegemea wa kuja, kwa sababu moja ambayo haimo kwenye wasifu wa mgombea yeyote: Day hana budi kupata mtu anayeweza kumkatalia. Kelly aliweza, kwa kuwa alimjua tangu akiwa mwanafunzi. Hartline alikuwa amekulia chini ya Day, na mambo yalipobana karatasi ilirudi kwa bosi bila shida.