Mgonjwa wa presha aambiwe mapema

Mama alikuwa anaficha vidonge vyake vya presha kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la vyombo. Nilivikuta nikitafuta kiberiti: dawa za siku chache, hazijaguswa. Nilipomuuliza, akanyoosha miguu mkekani. "Bonyeza hapa, mwanangu." Nikabonyeza juu kidogo ya kifundo. Nilipotoa kidole gumba, kishimo kikabaki. Jirani alishamwambia dawa za presha zinaua figo, naye akaona huo uvimbe ndio ushahidi.

Kumbe uvimbe ulitokana na amlodipini, dawa yake ya presha, miligramu 10 kwa siku. Dawa hii hulegeza mishipa midogo ya damu, maji yakapenya kwenye nyama na kutuama miguuni. Dozi ikipanda, uvimbe nao huzidi. Kliniki walimpima figo, zikawa salama. Wakamshushia dozi hadi 5, wakamwongezea losatani, dawa nyingine ya presha, na baada ya wiki chache viatu vyake vya shughuli vikaanza kumwingia tena.

Kinachoniuma ni kwamba siku ya kwanza aliambiwa "kimoja kila siku, mama," basi. Wapo wahudumu wanaoamini kwamba mgonjwa akitajiwa madhara ataogopa dawa. Mama yangu aliogopa kwa sababu hakutajiwa. Presha yake ilikuwa 190 kwa 110 siku ile tulipompeleka, na alikuwa hasikii maumivu yoyote zaidi ya miguu kuwa mizito.

Mtu wa enalapili au kaptopili, nazo ni dawa za presha, aambiwe kuhusu kikohozi kikavu zinachoweza kuleta, asije akamaliza chupa za dawa ya kifua bure; akirudi kliniki, atabadilishiwa. Ila midomo au ulimi ukivimba, aache dawa na akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Wa kidonge cha kukojoza aambiwe akimeze asubuhi, la sivyo usiku hatalala.

Halafu kuna lile ambalo wanaume hawalisemi. Baadhi ya dawa hizi, kama atenolol na zile za kukojoza, zinaweza kupunguza nguvu za kiume, na mzee huacha dawa kimyakimya bila hata mkewe kujua sababu. Dirisha la dawa lenye foleni mgongoni si mahali pa kuelezea hayo. Aulizwe ndani, kwa daktari, mlango ukiwa umefungwa.