Upepo wa Shangazi

Kabla hatujaondoka Muscat, shangazi alilizunguka gari akipiga tairi teke, moja baada ya nyingine. Zamani alikuwa na Hiace mbili Tanga, na biashara ile ilimfunza kutomwamini dereva, kondakta wala tairi. Binamu yangu mwenye gari akacheka. "Mama mkubwa, hii ni Land Cruiser." Shangazi akamjibu kwamba hata Land Cruiser haitembelei jina.

Binamu ni mtoto wa mdogo wake shangazi aliyeolewa Oman. Amezaliwa huko, Kiswahili anakijua vizuri, na ana maradhi ya kuongoza watalii bila kuombwa. Alikuwa ameshapanga kila kitu: Nizwa, Bahla, Jabrin, kisha tuteremke Sharqiya tukalale jangwani.

Nizwa alianza vizuri. Tulipanda mnara wa ngome, ule wa mviringo uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, na kwenye ngazi akatuonyesha matundu yaliyo juu ya kila mlango. Adui akifika hapa, akasema, anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Shangazi akainua uso akalitazama tundu muda mrefu.

"Asali? Maji ya moto hayakuwepo?"

"Maji yanatiririka, mama mkubwa. Asali inaganda mwilini."

"Utajiri huo," akasema shangazi, akaendelea kupanda.

Falaj Daris aliipenda zaidi. Ni mmoja kati ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na maji yake bado yanapita barazani kwa watu, safi, bila pampu. Binamu akaeleza kwamba zamu za maji zilikuwa zikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Shangazi, miguu ikiwa ndani ya maji, akasema kwetu mgao wa maji hupimwa kwa matusi.

Mambo yaliharibikia Bahla, na aliyeyaharibu ni binamu mwenyewe. Mji ule una ngome kubwa ya udongo na ukuta unaouzunguka kwa karibu kilomita 12. Angetueleza hayo akanyamaza, tungerudi nyumbani salama. Lakini yeye alitaka kunogesha. Akaanza kusimulia kwamba Bahla inasifika Oman nzima kwa uchawi na majini, na kwamba husimuliwa palikuwa na mti sokoni uliofungwa minyororo, majini wasije wakaruka nao.

"Mimi natoka Tanga," shangazi akamkumbusha. "Usinitishe kwa mti."

Hata hivyo hakushuka garini. Mimi nilitaka kununua chungu, maana Bahla ni mji wa wafinyanzi na vyungu vyao ni vizuri mno. Nikaambiwa kupitia dirishani kwamba chungu kile kikiingia, yeye anatoka. Kutoka hapo mpaka Jabrin midomo yake haikuacha kucheza: Ayatul Kursi, mara kwa mara, na jicho kwenye kioo cha nyuma.

Jabrin yenyewe ingemtuliza. Ni kasri ya dari zilizochorwa maua, na kuna ghala ambalo magunia ya tende yalipangwa juu ya sakafu yenye vijifereji, uzito wa magunia ukaikamua asali yenyewe. Lakini binamu hajui kunyamaza. Akatufikisha kwenye kaburi la Imamu Bil'arab bin Sultan, aliyeijenga kasri, na kutueleza kwamba alifia humo humo akiwa amezingirwa na ndugu yake, Saif. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yalikuja kuiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698.

"Ndugu yake wa damu?" akauliza shangazi.

"Wa damu."

Shangazi akanitazama mimi. "Umesikia? Husda haina mpaka."

Ndivyo tulivyoshuka Sharqiya tukiwa na mtu anayeamini kwamba kuna jambo linatufuata.

Bidiyah ni mahali lami inapokwisha na mchanga, ramli kwa Kiarabu, kuanza. Pana vibanda vya mafundi tairi, na kila gari linaloingia jangwani husimama hapo kupunguza upepo. Tairi iliyojaa huchimba mchanga kwa ukali. Iliyolegea hutandaza tumbo ikapita juu juu. Binamu akamwambia fundi ashushe kutoka 35 mpaka 15. Fundi akashusha zote nne. Muda wote huo shangazi alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi, tasbihi mkononi. Tukamwacha apumzike, tukaenda kuswali alasiri na kununua maji na makaa.

Tuliporudi alikuwa ameamka, ameketi wima, ametulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu Bahla. Fundi alikuwa chini ya lori, tunaona ndara zake tu.

"Twendeni wanangu," akasema. "Sasa gari liko sawa."

Hakuna aliyeliuliza lile "sasa".

Binamu aliingia mchangani kama bwana harusi. Matuta ya huko mengine yanafika mita 100, na yeye alitaka tuyaone yote kabla ya magharibi. Tuta la kwanza dogo tulilipita kwa mrukoruko ulionigongesha kichwa. La pili gari lilipanda nusu, likanguruma, likaanza kujizika. Akakanyaga mafuta. Likazama zaidi. Tulipofungua milango, mchanga ulikuwa umefika kwenye ekseli.

Tukachimba. Binamu kwa koleo, mimi kwa sufuria ya wali. Ngamia watatu wakaja kusimama karibu, wakitafuna, wakitazama. Binamu akawa anajisemea, haiwezekani, upepo nimepunguza mwenyewe, nimesimama pale pale nikaona.

Shangazi, aliyekuwa ametandikiwa mkeka kivulini, akainua kichwa.

"Upepo? Upepo nimeshaurudisha."

Koleo likasimama hewani.

"Nimeamka nakuta tairi zote nne zimelala," akasema, sauti ya mtu aliyeokoa familia. "Zote nne! Pancha ya Mungu ni moja, mbili. Nne ni mkono wa mtu. Nikamwita yule kijana nikamwonyesha ajaze. Ananiambia ramli, ramli, ananyoosha kidole huku jangwani. Nikamwambia, baba, mimi sihitaji kupigiwa ramli, mchawi nimeshamjua tangu Bahla, wewe jaza. Nikampa na riyali. Nikamwambia ongeza kidogo, tuna mizigo."

Binamu alikaa chini mchangani. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa anatafuta neno ambalo mtu anaruhusiwa kumwambia mama yake mkubwa, na halikuwepo.

Kabla hajalipata tukasikia gari. Pikapu kuukuu, nyuma ina majani ya ngamia, na mzee mwenye ndevu nyeupe akiendesha taratibu kana kwamba yuko barabarani. Kumbe wale watatu ni ngamia wake. Shangazi akasimama, akajitengeneza mtandio. Tangu Muscat alikuwa akimwamkia kila mwenye mvi kwa Kiswahili na wengi walimtazama tu, lakini hakukata tamaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, bibi. Mmekwama?"

Alikuwa kazaliwa Tabora. Watu wa Sharqiya, hasa Ibra na vijiji vyake, walikwenda sana Unguja na bara kufanya biashara, na huko Ibra bado zipo nyumba kubwa kuukuu walizozijenga kwa fedha ya huko. Yeye alirudi miaka ya sabini, na Kiswahili chake kimebaki vile vile cha enzi zile, kizito, kisichoharakishwa.

Akalizunguka gari letu. Akainama, akaminya tairi kwa kidole gumba. Akaminya nyingine. Akanyanyuka polepole na kututazama sote watatu.

"Nani huyu punguani aliyejaza upepo hivi?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akauvuta mtandio mbele kidogo, akashusha macho.

"Vijana wa siku hizi, baba," akasema kwa huzuni. "Hawaulizi wakubwa."

Binamu akafungua mdomo. Akaufunga. Kumkanusha mama mkubwa mbele ya mzee mgeni, hilo hata yeye hakuliweza. Basi akapewa somo. Mzee alimchuchumaza kando ya kila tairi, akamshikisha njiti, akamwonyesha pa kubonyeza, upepo ukafoka, na kila mara akamuuliza, "Umeona? Umeona sasa?" Binamu akajibu, "Nimeona, babu." Nyuma yao shangazi alikuwa akitikia kwa kichwa na kunihimiza na mimi nijifunze.

Mzee akatuvuta kwa kamba, kinyumenyume, tukatoka kirahisi. Kisha akatufuata mpaka kambini ahakikishe tumefika, na hapo ndipo kosa la binamu lilipopata hadhira. Kahawa ya iliki ilipozunguka, mzee akakisimulia kisa kwa Kiarabu kwa wenyeji na kwa Kiswahili kwa shangazi, asipitwe. Kila aliyecheka alimpa binamu pole na tende. Shangazi alimpa tende mbili.

Asubuhi tulirudi Bidiyah kujaza upepo, kwa kuwa tairi laini kwenye lami hupata moto zikapasuka. Fundi alikuwa yule yule. Binamu akamwambia kwa Kiarabu ajaze 35. Fundi akauchukua mpira wa upepo, lakini hakuinama. Akamtazama shangazi dirishani, akasubiri.

"Arubaini," akasema shangazi.

Fundi akajaza arubaini.