Sakafu ya Waya Haimfai Fereti

Fereti, mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche anayefugwa nyumbani, hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na zinazobaki huzimaliza kwa kukimbia, kuchimba na kurukaruka. Ajabu ni kwamba mtu akienda kununua kizimba huuliza kina ghorofa ngapi na mlango unafungwaje. Sakafu, ambayo mnyama hatengani nayo, haiulizwi.

Vizimba vingi huuzwa vikiwa na sakafu ya wavu wa waya, kwa hoja kwamba kinyesi hudondoka chini na mnyama hubaki safi. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Kinyesi cha fereti ni laini, hivyo hunata kwenye waya huohuo anaoukanyaga. Nyayo zake huchubuka, michubuko hugeuka vidonda, na vidonda vya nyayo vikishaingia uambukizo huchukua muda kupona. Halafu kuna kucha: ikinasa kwenye tundu la wavu, mnyama hujivuta kwa hofu, na kidole kinaweza kuvunjika.

Mbao tupu nazo hunyonya mkojo, na harufu haitoki tena. Maranda ya mwerezi na msonobari ndiyo nisiyotaka kuyaona kabisa, kwa sababu ile harufu tunayoipenda sisi hutokana na mafuta yanayowasha njia ya hewa ya mnyama anayelala pua ikiwa imezama humo.

Mpira na sponji ni hatari zaidi, na hapa siwezi kulegeza msimamo. Fereti, hasa wachanga, hupenda mno kutafuna vitu vinavyobonyea. Kipande kidogo cha mkeka wa mpira kikimezwa huweza kuziba utumbo. Ukimwona amekataa chakula, amelegea, anasaga meno au anatapika, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mara nyingi tiba huwa ni upasuaji.

Kwa maoni yangu, chini kabisa pawe na kitu kigumu kisichopenya maji: plastiki ngumu, au zulia jembamba la plastiki lililokatwa kipande kimoja, kingo zake zikabanwa vizuri asipate pa kuanzia kutafuna. Juu yake tandika kitambaa cha flisi, kile laini cha majaketi ya baridi. Ukikikata hakifumuki nyuzi, na ukikifua hukauka upesi. Taulo silipendekezi, maana vitanzi vyake vidogo hunasa kucha. Na kama fereti wako ni mla vitambaa, basi flisi pia iondoke. Wapo wa namna hiyo, na huwezi kuwafundisha waache.

Joto likizidi nyuzi 27 hivi, mnyama huyu huanza kuteseka. Kigae kimoja kikiwekwa pembeni humpa mahali pa baridi pa kulaza tumbo.

Flisi ifuliwe angalau mara moja kwa wiki kwa sabuni isiyo na manukato, kwa kuwa mafuta ya ngozi yake huganda kwenye matandiko na ndiyo yanayonuka. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isimwagwe juu ya mkojo: vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu, na pua ya fereti iko sentimita chache tu kutoka sakafuni. Futa mkojo kwanza kwa maji na sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo urudishe kitambaa.