Wati 15,000 za shemeji

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, na tofauti na desturi yake hakusalimu kwa kirefu. Alitaka nimchagulie kadi ya sauti, kile kifaa cha kompyuta kinachotoa sauti kwenda kwenye spika. Kompyuta yake ya zamani ya ofisini, ambayo siku hizi ameiweka sebuleni chini ya televisheni ili familia itazame filamu na kusikiliza muziki, ilikuwa "imezidiwa" na sabufa aliyoinunua Kariakoo juma lililotangulia. Maneno ya waigizaji hayakusikika, milipuko ilisikika mpaka kwa jirani, na kijana wa dukani alikuwa amekwisha kumweleza kwamba spika za wati 15,000 haziwezi kulishwa na kadi iliyokuja na kompyuta. "Zinataka kadi yenye nguvu, shemeji," aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyenunua ng'ombe wa kisasa na sasa anahangaikia pumba.

Ningeweza kumwambia asinunue kadi yoyote, tukamaliza mazungumzo na mimi nikarudi kwenye chai yangu. Lakini ile namba ilinikera, na mpaka leo inanikera, kwa sababu ilichapishwa kwa rangi ya dhahabu kwenye boksi, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la aliyetengeneza, na kando yake, kwa herufi ambazo ni lazima uzisogelee ili uzione, pakaandikwa PMPO, kifupi cha Kiingereza cha "kilele cha nguvu ya muziki".

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Plagi ya miguu mitatu tunayoitumia kwenye pasi na birika ina fyuzi ya amperi 13, na 13 mara 230 ni wati 2,990. Hapo ndipo ulipo mwisho wa uwezo wake. Sabufa ya shemeji haikuwa hata na plagi hiyo, bali ile ya miguu miwili, yenye waya usiozidi unene wa kamba ya kiatu. Ili itumie wati 15,000 ingelazimika kuvuta zaidi ya amperi 65, na waya ule ungeyeyuka kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Kama kwa muujiza usingeyeyuka, mita ya LUKU ingemeza uniti 15 kwa kila saa moja ya muziki. Nilimwuliza shemeji kama matumizi yake ya umeme yamepanda tangu ainunue. Akafikiri kidogo, akasema hapana, labda kidogo tu, kwa sababu ya watoto kuacha taa zikiwaka.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye huketi kibarazani na meza yenye redio za watu waliokwisha kuzisahau. Aliifungua kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akatuonyesha kwa ncha ya kidole. Transfoma ilikuwa ya ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na ubavuni imeandikwa 12-0-12, amperi 3. Yaani volti 24 mara amperi 3, wati 72, kabla hujatoa zile zinazopotea kuwa joto. Karibu yake, kwenye bati la kupozea, zilipangwa chipu sita za miguu mitano, kila moja ikiwa na maandishi TDA2030, ambayo ni chipu inayojulikana na kila fundi wa redio, na ambayo mtengenezaji wake mwenyewe anasema hutoa takribani wati 14 inapoendesha spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Sita mara kumi na nne ni 84, na transfoma ile haiwezi kuzitimiza hata hizo. Mzee hakucheka. Alikohoa tu, akamgeukia shemeji: "Baba, hizo nyingine umeziacha dukani?"

Najua atatokea msomaji wa kuniambia kwamba PMPO si uongo, ni kilele cha nguvu kinachofikiwa kwa nukta ndogo sana ya sekunde. Nimesikia. Ningekubali kwa shingo upande kama kilele hicho kingekuwa na namna moja ya kupimwa inayokubalika, lakini hakina. Kila kiwanda hupanda mlima wake na kutangaza kimo kinachokipendeza. Kipimo chenye maana ni wati za RMS, zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kuchafuka, na ndizo hasa zinazofichwa, au kuandikwa kwenye karatasi ya ndani ambayo hutupwa pamoja na maboya. Marekani walichoshwa na mchezo kama huu mapema sana, wakaweka kanuni mwaka 1974 ya kuwalazimisha wauzaji wa vikuza sauti vya nyumbani waeleze nguvu kwa kipimo kinachoeleweka. Huku kwetu muuza nyama akikupunja gramu 50 kwa mizani mbovu anajua kuna sheria inayomhusu, lakini mtu anaweza kukuuzia wati 72 kwa jina la wati 15,000, mchana kweupe, akakupa na risiti, na jioni yake akalala usingizi mnono.

Na jambo linalouma zaidi ni kwamba hata wati zingekuwa za kweli, zisingekuwa na umuhimu tunaoupa. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takribani mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Kwenye sebule ya kawaida, ukikaa hatua tatu au nne kutoka kwenye spika nzuri, mazungumzo ya filamu hayatumii hata wati moja. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja, inakupa kwa nusu ya nguvu kile ambacho spika ya desibeli 87 inakupa kwa nguvu nzima. Namba hiyo ya desibeli ndiyo ya kuitafuta nyuma ya spika, pamoja na ile ya omu, na karibu siku zote imeandikwa kwa wino wa kawaida usio na dhahabu.

Sasa nije kwenye kadi ya sauti, ambayo ndiyo iliyoniondoa nyumbani siku ile. Kadi ya kompyuta ya shemeji haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye boksi tena. Juu yake paliandikwa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, kila moja na sauti yake, na shemeji, ambaye ni mtu wa kufuata maelekezo, aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaiambia kwamba ina spika za 5.1. Lakini nyuma ya sabufa kulikuwa na matundu mawili tu ya kupokelea sauti, jekundu na jeupe, kushoto na kulia. Zile spika ndogo tano zilikuwa zikirudia mambo yaleyale mawili kwa zamu. Katika filamu iliyorekodiwa kwa 5.1 maneno ya waigizaji hupelekwa kwenye spika ya katikati, nayo kwenye kompyuta hutokea tundu la rangi ya machungwa. Shemeji alikuwa amechomeka waya mmoja, kwenye tundu la kijani. Kompyuta, kwa utii kamili, ilikuwa ikiyatuma mazungumzo yote ya filamu kwenye tundu ambalo halikuwa na kitu. Nilibadilisha mpangilio kuwa stirio, kazi ya nusu dakika, na waigizaji wakaanza kusema. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kochi na kanga yake begani, alisema, "Kumbe wanaongea!"

Kijana wa dukani alikuwa tayari kumuuzia kadi ya nje ya USB iliyoandikwa 7.1, na nimeishika mkononi, kwa hiyo siongei habari za kusimuliwa: kidude cha ukubwa wa kidole gumba, chenye tundu moja la maikrofoni na tundu moja la spika. Chaneli nane zilipaswa kutoka kwenye tundu lenye njia mbili.

Enzi ya kadi za sauti ilikuwepo kweli, na sitaki kuidharau. Sound Blaster ya kwanza, kadi ya sauti iliyovuma, ilipotoka mwaka 1989, kompyuta nyingi zilikuwa hazijui kufanya lolote zaidi ya kulia "pii", na aliyekuwa na kadi alikuwa na kompyuta nyingine kabisa. Lakini mwaka 1997 Intel walileta AC'97, kiwango cha sauti inayojengwa ndani ya kompyuta yenyewe, mwaka 2004 wakaleta kingine, High Definition Audio, na tangu hapo bodi mama karibu zote huja na sauti inayotosha kwa sebule, kwa sababu rekodi ya CD ni biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na chipu hizo hulimudu jambo hilo bila kutokwa jasho.

Nakubali kwamba zipo siku kadi ya nje huokoa. Ukisogeza kipanya ukasikia kwenye spika mlio kama wa mbu, au diski inaposoma ukasikia kama panzi wanatafuna, basi uchafu wa umeme wa ndani ya kompyuta umeingia kwenye sauti, na kadi ya nje ya bei ya kawaida, isiyo na majigambo ya 7.1, mara nyingi huuondoa. Ila kabla ya kulipa, kama ni laptopu, chomoa kwanza chaja usikilize. Mlio ukiisha, ugonjwa uko kwenye umeme, na kadi utakayonunua inaweza kurithi ugonjwa huohuo. Bluetooth nitaigusa kwa sentensi moja: midomo hutangulia, maneno hufuata, na mimi siwezi kuishi hivyo.

Baada ya stirio kurudi, tuliweka taarab ya Unguja kwa ajili ya mama mkwe, na hapo ndipo sabufa ilipojieleza yenyewe. Besi ilivimba kwenye pembe ilikowekwa, kwa sababu pembe ya kuta mbili siku zote huikuza besi. Ganuni ikapotea, fidla zikawa kama zinapigwa nyumba ya tatu, na mwimbaji akawa kama mtu anayeongea huku ana ubwabwa mdomoni. Nikakumbuka rekodi ambazo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda kuzifanya Bombay mwaka 1928. Zina mikwaruzo, hazina besi ya kumtikisa hata kuku, lakini ukizisikiliza kwenye spika ya kiungwana yule mama anakuimbia wewe. Sebule ya shemeji nayo haikusaidia, yenye vigae vitupu, madirisha ya aluminiamu na dari ya jipsamu. Ukipiga makofi mara moja unajibiwa mara tatu. Zulia na mapazia mazito vilifanya kazi ambayo hakuna kadi ingeifanya.

Juma lililofuata tulikwenda kutafuta spika za mtumba. Tulipata jozi ya mbao, omu 8, desibeli 88, pamoja na kikuza sauti cha zamani cha wati 30 kila upande, vyote viwili kwa bei ndogo kuliko aliyolipia sabufa. Kwenye mtumba usitazame mbao, tazama ukingo wa koni: ule wa sponji huoza kwa miaka na kwa joto letu, na jozi ya kwanza tuliyoonyeshwa, nilipougusa kwa kidole, ulibaki kidoleni kama ukoko wa mkate. Muuzaji alikasirika kana kwamba nimeuozesha mimi. Kwa jozi ya pili nilitoa betri ya redio ya volti 1.5 niliyokwenda nayo mfukoni, nikaigusisha kwenye nyaya za kila spika kwa nukta moja. Koni zote zikaruka mbele, "tap", safi, bila kukwaruza. Kisha nikaomba wimbo uzimwe na iwekwe taarifa ya habari. Muziki wenye besi huficha mengi, na kila muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana wimbo wa majaribio dukani huwa ni uleule. Sauti ya mtu anayesoma habari haina pa kujificha, kwa sababu sote tunajua mtu anavyosikika.

Tulizipandisha juu ya meza ndogo mpaka vitwita, zile koni ndogo za juu, vikawa usawa wa masikio ya anayekaa kochini, tukazitenganisha kiasi cha mita mbili. Mara ya kwanza shemeji aliunga waya wa upande mmoja kinyume, mwekundu penye mweusi, besi ikayeyuka, na akaniangalia kwa jicho la "si nilikwambia tununue kadi". Nikaugeuza. Mama mkwe hakusema neno mpaka ganuni ilipomaliza, kisha akaomba irudiwe.

Sabufa aliichukua fundi mzee kwa ajili ya vipuri. Boksi lake shemeji alikataa kulitupa. Liko juu ya kabati, upande wa dhahabu ukielekea kochi. Jumapili iliyopita alikuja mgeni, akasikiliza muziki kwa muda mrefu, akainua macho, akaisoma ile namba, akaziangalia tena zile spika za mbao, akatikisa kichwa kwa heshima. "Wati 15,000," akasema. "Ndiyo maana." Shemeji alinitazama, kisha akamwongezea mgeni chai.