Nafasi ya Baba Mkubwa

Baba Mkubwa haandiki meseji, anarekodi. Saa 11 alfajiri nilikuta ujumbe wake wa sauti wa dakika 4, na nusu dakika ya mwanzo ni kupumua tu. Kisha: "Kijana. Baba yako nimemsomesha mimi."

Nikazima simu. Nikaiwasha. Ujumbe upo palepale.

Chanzo ni harusi ya binti wa shangazi yangu. Kwenye kamati nilipewa ukatibu kwa sifa moja tu, nina laptopu. Tulikuwa tunakutana kila Jumapili jioni Kimara, na mweka hazina, mama mmoja mtaratibu, aliandika kila kitu kwenye kauntabuku lenye jalada jekundu. Mimi na kimbelembele changu nikasimama nikasema mambo ya madaftari yamepitwa na wakati, michango iingie kwenye Excel. Mama akaniangalia, akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine akaendelea kuandika.

Nikatengeneza majedwali mawili. La kwanza la ahadi, watu 118, nililichapa mwenyewe. La pili la malipo, ambalo mweka hazina alikuwa ananitumia kutoka kwenye simu yake nami nabandika. Katikati nikaweka fomula ya VLOOKUP: inachukua jina kwenye ahadi, inakwenda kulitafuta kwenye malipo, ikilipata inarudi na kiasi. Isipolipata inaleta #N/A, na mimi nikaona alama hiyo mbaya, haina staha ya harusi. Nikaifunika kwa IFERROR, nikaiambia: ukikosa, andika HAJALIPA. Kwa rangi nyekundu.

Hebu tuelewane hapo. Fomula ilikuwa inasema "sijamwona huyu mtu." Mimi ndiye niliyeitafsiri kuwa "huyu mtu ni mdaiwa." Mahakamani ningefungwa.

Nyekundu zilitoka 41. Mwenyekiti akafoka, "Watangaze!" Jumamosi saa 4 usiku nikaiweka orodha kwenye kundi la WhatsApp chini ya kichwa nilichokibuni mwenyewe na kukifurahia: WADAIWA SUGU. Orodha ilikuwa kwa alfabeti, kwa hiyo namba moja alikuwa Baba Mkubwa. Baba Mkubwa aliyetoa laki 5 siku ya kwanza, kabla hata kamati haijapata mwenyekiti.

Kundi likawaka. Watu walirusha picha za miamala mpaka simu ikapata joto. Mama Mchungaji akaandika "Mungu anaona" na hakuongeza neno. Fundi Bomba akauliza kama mabomba ya ukumbini tutajizibia wenyewe. Kisha likatokea lile tangazo dogo la kijivu: Shangazi ameondoka. Mama mzazi wa bibi harusi!

Asubuhi, baada ya ule ujumbe wa dakika 4, nikakaa na laptopu. Baba Mkubwa huku, Baba Mkubwa kule. Nikaweka kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi. Ni yuleyule. Nikaiuliza Excel kama majina haya mawili ni sawa, ikajibu FALSE. Nikajaribu LEN, inayohesabu herufi pamoja na pengo la katikati. Huku 11. Kule 12.

Herufi ya 12 iko wapi? Nikabofya mara mbili ndani ya seli, na hapo ndipo nilipoiona, yaani nilipoona kwamba haionekani. Kile kijiti kinachopepesa hakikusimama kwenye "a" ya mwisho. Kilisimama hatua moja mbele, kama mgeni aliyefika mlangoni hataki kupiga hodi. Nafasi tupu. Simu ya mweka hazina, ukichagua neno inalokupendekezea, inaongeza nafasi mwishoni mwake bila kuulizwa. Kila jina alilolichagua lilikuja na mkia. Majina 41, mikia 41.

Duniani watu wanahangaika kutafuta nafasi, mimi nikaanza kuzifuta. Ctrl+H, tafuta nafasi, badilisha kwa hewa, zote, faili zima. Excel ikafanya kazi hiyo kwa sekunde moja, na nyekundu zote zikayeyuka. Nikaomba radhi kundini, nikahifadhi faili, nikalituma kwa wachapaji wa kadi Kariakoo. Nikala chapati 3.

Kadi zilirudi Alhamisi. Karatasi nzuri, utepe wa dhahabu, na katikati, kwa mwandiko wa madaha: BabaMkubwa. FundiBombawaKimara. MamaMchungajinaFamilia. JiraniGetiJeusi. Kadi 118, hakuna hata mwalikwa mmoja anayepumua.

Binti wa pale dukani alizisoma kwa sauti, taratibu, kama anayejifunza Kijerumani. Akaniuliza, "Kaka, kwani hukutumia TRIM?" Nikamjibu kwamba nilikuwa naharakisha. Sikuwa nimewahi kuisikia. Akanionyesha kwenye faili la zamani: TRIM inanyoa nafasi za mbele na za nyuma, ila kati ya neno na neno inaacha moja. Ndiyo hivyo tu. Herufi nne zingeniokolea pesa ya kuchapa upya, niliyoitoa mfukoni mwangu.

Kumbe bado. Jumla yangu ilipungua kwa 1,900,000 ukilinganisha na kauntabuku, na nilikuwa nimekwisha anza kumtilia mashaka yule mama. Binti akaitazama safu ya pesa akacheka: "Mbona hizi sita zimeegemea kushoto?" Kweli, pesa nyingine zote zilijipanga kulia, sita zimejitenga. Ni zile nilizozinakili kutoka kwenye ukurasa wa benki, zikaja na nafasi ya aina nyingine, namba 160 kwenye orodha ya herufi za kompyuta, ambayo TRIM haiigusi. Kwa Excel hizo hazikuwa pesa bali maneno, na SUM haijumlishi maneno. Akaingiza SUBSTITUTE, akaitoa hiyo 160, akageuza maneno kuwa namba, jumla ikaruka. Sawa na kauntabuku mpaka shilingi ya mwisho. Jumapili nilipomwambia mweka hazina, alilamba kidole tu.

Morogoro nilikwenda mwenyewe, na sukari kilo 5.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

Akamwagilia mchicha tuta zima ndipo akasema, "Marahaba."

Nikaeleza. Kwamba si mimi, ni kompyuta. Kwamba jina lake lilikuwa na nafasi ya ziada, ndiyo maana halikuonekana.

"Nafasi ya ziada?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Mbele au nyuma?"

"Mwishoni kabisa, mzee."

Akafikiri. "Na wewe ukaifuta."

"Nikaifuta."

"Mimi mkubwa wa ukoo huu, mara moja tu nimepata nafasi ya ziada, na wewe ukaifuta." Akaingia ndani na sukari yake. Sikujua kama nimesamehewa.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa mpaka wageni wakasimama ukutani. Nikaona kiti kitupu meza ya mbele, koti limewekwa juu yake, na pembeni Baba Mkubwa anakula pilau bila haraka. Nikamwinamia.

"Samahani Baba Mkubwa, hiki kiti kina mtu?"

Hakuinua macho kwenye sahani. "Hiyo ni nafasi yangu ya ziada. Iguse uone."