Nguvu ya Waashuru ilikuwa kwenye tuta la mawe

Waashuru, watu wa dola ya kale iliyokuwa kaskazini mwa Iraki ya leo, wakitajwa, watu hukimbilia kuzungumzia ukatili: mateka waliochunwa ngozi, vichwa vilivyorundikwa langoni. Hayo yalitendeka, na wafalme wenyewe waliagiza yachongwe kwenye kuta za majumba yao. Hata hivyo, ukatili peke yake haubomoi ukuta. Kilichowapa Waashuru ushindi, kwa maoni yangu, ni uwezo wa kupanga kazi ya mikono ya maelfu ya watu, zaidi ya siku 20 za mwendo kutoka nyumbani, na kuimaliza kabla chakula hakijaisha.

Ushahidi bora ni Lakishi, mji wa ufalme wa Yuda ambao Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliuteka mwaka 701 KK. Picha za kuchongwa za vita hivyo zilipamba jumba lake la Ninawi, mji wake mkuu, na leo ziko British Museum, London. Tuta lenyewe la kushambulia, yaani mteremko wa mawe uliojengwa mpaka ukutani ili kuupandia mji, bado lipo, zaidi ya kilomita 900 kutoka Ninawi.

Lakishi ilikaa juu ya kilima chenye miteremko mikali. Waashuru walichagua kona ya kusini-magharibi, ambako ukanda wa ardhi iliyoinuka uliunganisha kilima na kilima jirani, kwa hiyo kimo cha kujaza kilikuwa kidogo kuliko kwingine. Hapo walirundika mawe ya shambani, kila moja likiwa na uzito wa kilo sita hivi. Wanaakiolojia wanakadiria kwamba yalihitajika mawe kama milioni 3, yaani karibu tani 19,000, na kwamba watu wakipokezana kwa mistari usiku na mchana wangelimaliza tuta kwa takriban siku 25. Safu ya juu ilishikamanishwa kwa chokaa ngumu. Bila hiyo, magurudumu ya mashine ya kubomolea ukuta yangezama kati ya mawe yaliyolegea, na mashine iliyokwama chini ya ukuta ni kuni tu kwa adui.

Mashine yenyewe ilikuwa chumba cha mbao chenye magurudumu, kilichofunikwa ngozi, na ndani yake gogo refu lenye ncha pana ya chuma. Karne moja na nusu kabla, zile za mfalme Ashurnasirpal II wa Ashuru zilikuwa nzito, za magurudumu sita. Za baadaye zilikuwa na manne na zilipanda kwa urahisi zaidi. Ncha ile pana ilifaa kuingizwa kwenye maungio ya matofali ya udongo na kuyakongoa mpaka ukuta ufumuke. Kugonga kwa nguvu tu kusingetosha, kwa sababu matofali ya udongo hufyonza nguvu ya pigo.

Hatari kubwa ilikuwa moto. Watetezi walirusha mienge, na picha zinaonyesha askari juu ya mashine akiimwagia maji kwa upawa mrefu, bila kupumzika. Hatari ya pili ilikuwa mnyororo ulioshushwa kutoka ukutani ili kulinasa gogo na kuliinua. Kwenye uchimbaji wa Lakishi kilipatikana kipande cha mnyororo wa chuma, na picha za zamani zaidi kutoka Nimrud, mji mwingine wa Waashuru, zinaonyesha Waashuru wakiuvuta mnyororo wa namna hiyo chini kwa kulabu. Watu wa Lakishi nao hawakukaa bure: ndani ya mji, mkabala na tuta la adui, walijaza tuta la pili ili ukuta ukibomoka wawe na mahali pa kusimama.

Kazi yote hii ilifanyika chini ya mishale. Mpiga upinde wa Kiashuru hakusimama peke yake. Mwenzake alimshikia ngao ndefu ya matete iliyopinda juu. Nyuma yao walikuwa watu wa makombeo. Kwenye eneo hilo moja zimeokotwa ncha za mishale karibu elfu moja, nyingi za chuma. Magari ya farasi na wapanda farasi, wanaosifiwa sana, hapa hawakuwa na kazi yoyote.

Ukatili nauona ndani ya hesabu hiyo. Wakati mashine zikiendelea kubomoa, picha zinaonyesha watu watatu wametundikwa kwenye miti nje ya mji, mahali ambapo walio ukutani wangewaona. Kila mji uliofungua malango kwa hofu uliwaokolea Waashuru tuta zima, pamoja na nafaka ya mwezi mmoja. Senakeribu anajigamba kwamba aliteka miji 46 yenye kuta katika Yuda; asingeweza kujenga tuta kama la Lakishi kwa kila mmoja.

Yerusalemu haikujengewa tuta. Kumbukumbu za mfalme zinasema alimfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, kama ndege kizimbani na kuweka ngome kuuzunguka mji, lakini hazisemi kwamba aliuteka. Kinachonivutia zaidi ni utabiri wa Isaya katika Biblia: mfalme wa Ashuru hatapiga mshale huko, hatakuja na ngao mbele ya mji, wala hatainua tuta dhidi yake. Mshale, ngao, tuta: aliyetamka hayo alijua barabara jinsi Lakishi ilivyoanguka.