Sanskrini ya ngozi ya Kihindi: achaneni na mbio za SPF

Kila mwezi wa tatu ukiingia hapa Pune, India, jua likianza kuchachamaa, naanza kuulizwa swali lile lile: eti sanskrini gani, yaani krimu ya kukinga jua, ni nzuri kwa ngozi ya Kihindi? Wananiuliza kwa sababu nilisomea famasia huku, na nadhani pia wanashangaa kumwona Mbongo mweusi tii anapaka sanskrini kila asubuhi, wewe unaogopa nini dada. Na mimi kabla sijajibu huwa nauliza, ngozi ya Kihindi ya nani? Maana fleti tuliyopanga Kothrud tulikuwa wasichana wanne, mmoja wa Kerala ambaye weusi wake nimemzidi kidogo tu, mmoja wa Nagpur maji ya kunde, na wa tatu katokea Himachal kule milimani, huyo akishuka tu chini kununua nyanya anarudi mashavu mekundu. Wote Wahindi hao. Na wote dukani wanauziwa tyubu ile ile imeandikwa imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya Kihindi.

Madaktari wa ngozi wana kipimo cha Fitzpatrick, huyo alikuwa profesa wa Harvard, alikianzisha 1975, daraja la 1 ni wale wanaoungua kila wakigusa jua na la 6 ni sisi weusi kabisa. Wahindi wengi wanaangukia kwenye la 3 mpaka la 5. Ukiitoa hiyo kwenye vitabu maana yake ni kwamba Mhindi wa kawaida hababuki ovyo kama mtalii wa Kizungu kule Goa, ila ngozi yake ina haraka sana ya kutengeneza weusi. Chunusi ikiisha inaacha doa, akikwaruzwa doa, akishika ujauzito mabaka yanapanda mashavuni na kwenye paji la uso, akianza vidonge vya uzazi wa mpango hivyo hivyo, na jua ndiyo linakuja kuyapigilia msumari yasitoke miezi na miezi. Hayo mabaka yanaitwa melasma na ukikaa kwenye foleni ya daktari wa ngozi yeyote hapa mjini utawaona akina mama wamekuja kwa hilo hilo.

Sasa hapo ndipo msimamo wangu ulipo. SPF, ile namba ya kinga kwenye boksi, inapimwa kwa wekundu, yaani ngozi inahitaji miale kiasi gani mpaka iwe nyekundu ukiwa umepaka na ukiwa hujapaka, na wekundu unaletwa zaidi na UVB, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho (UV). Kwa hiyo mtu wa Nagpur anayelia na mabaka anakimbizana na namba inayojibu swali la yule mwenzie wa Himachal! Halafu zile namba zenyewe hazipishani kama watu wanavyofikiri, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, SPF 50 asilimia 98, SPF 100 ni 99. Sasa unamwona mtu anaongeza hela nyingi anunue 100 anadhani kapata kinga mara mbili. Mimi nasema chukua 50 yatosha, na sababu ya kuchukua 50 badala ya 30 ni kwamba wengi hatupaki ya kutosha, basi angalau ile inayobaki iwe na nguvu.

Cha kuangalia kwenye boksi ni ile PA na alama zake za jumlisha. Hiyo imetoka Japani, inapima kinga dhidi ya UVA, aina nyingine ya UV, miale inayoleta weusi na kuzeesha ngozi, na ambayo haijali kioo. UVB kioo cha dirisha kinaizuia kwa kiasi kikubwa lakini UVA inapita. Nina jamaa zangu wanafanya kazi za kompyuta Hinjewadi, wanakaa dirishani kuanzia asubuhi mpaka jioni na kiyoyozi kinapuliza, wanasema sisi hatutoki juani bwana, ila ukiwaangalia upande wa uso unaoelekea dirishani umekolea kuliko mwingine. Wakati wa masika ya huku ndiyo kabisa, mawingu yamefunga mwezi wa saba wote na kila mtu kaweka tyubu kabatini, na UVA inaendelea na kazi yake. Mimi PA+++ ndiyo mwisho wa kushuka, ukipata nne chukua nne, na kama boksi halina PA wala halisemi lolote kuhusu UVA rudisha shelfuni hata kama SPF yake imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Halafu kuna kitu ambacho wauzaji hawakuambii, ngozi nyeusi na ya kahawia inapata mabaka hata kwa mwanga wa kawaida tu, huu tunaouona kwa macho, siyo UV peke yake. Ngozi nyeupe kabisa mwanga huo hauisumbui hivyo. Na sanskrini ya kawaida, hata iwe ya bei gani, mwanga huo inauachia upite. Kinachouzuia ni rangi, oksaidi za chuma, yaani sanskrini zile zenye rangi kidogo ukizikamua zinatoka kama fondesheni. Kwa hiyo mtu mwenye melasma akiniuliza anunue ipi namwambia yenye rangi, sirembi. Shida inakuja kwenye hiyo rangi yenyewe, kampuni nyingi zinatoa rangi moja, zikijitahidi mbili, inamkubali wa Nagpur vizuri kabisa anapendeza, wa Himachal inamkoleza, wa Kerala inamtoa rangi ya chungwa. Yule mwenzetu wa Kerala alikuwa anachanganya na fondesheni yake ya rangi nzito, nikamwambia usichanganye mkononi, paka sanskrini kwanza iache ikauke ndiyo uje na fondesheni juu, maana ukishachanganya hujui umepata kinga kiasi gani.

Kupauka nako. Zile za madini, zinki oksaidi na titani dioksaidi, ni nzuri kwa ngozi inayowasha na kwa watoto, lakini zikiwa nyingi mtu wa kahawia anatoka nyumbani kama kapakwa chokaa, tena kwenye picha za harusi ndiyo inaonekana zaidi taa zikimulika. Watu wanasema vumilia, afya kwanza. Mimi sikubaliani, sanskrini inayokupausha hutaipaka, au utapaka kidogo mno, na ya namna hiyo ni sawa na kutokuwa nayo. Bahati nzuri huku India soko lina vichujio (viambato vinavyozuia miale) vipya vya kemikali vya jeli ambavyo vinapotea kabisa usoni, na hazina bei ya kuua, tyubu ya gramu 50 unaipata kwa rupia 400 au 500 hivi. Ngozi ya mafuta chukua jeli au zile zinazokauka bila kung'aa, ngozi kavu chukua krimu, hapo hakuna siri kubwa.

Kitu kinachoniudhi ni hizi zinazoandikwa zinang'arisha, zinaondoa weusi wa jua, zinarudisha rangi yako ya asili. Rangi ya asili ipi? India ina historia ndefu na hii biashara ya weupe, krimu ya Fair & Lovely imeuzwa kuanzia 1975 na jina limekuja kubadilishwa 2020 kuwa Glow & Lovely baada ya kelele nyingi, tyubu ni ya rangi ile ile ya pinki. Sasa lugha ile imehamia kwenye sanskrini. Mama mkwe mtarajiwa anamwambia binti paka sanskrini usije ukawa mweusi kabla ya harusi, na binti anaipaka kama krimu ya kujichubua, akimaliza wiki mbili hajawa mweupe anaiacha. Sanskrini haikufanyi mweupe jamani. Inazuia usiongezewe madoa, basi.

Na asipopata weupe kwenye sanskrini ndiyo anaangukia kwenye zile krimu za mchanganyiko, haidrokwinoni ya kupunguza weusi na tretinoini ya kuchubua na steroidi ya kutuliza ngozi ndani ya tyubu moja. Daktari anaziandika kwa wiki chache kwa melasma na anakufuatilia, mtu anapaka mwaka mzima. Serikali yao mwaka 2018 ilizibana krimu kadhaa za steroidi zisiuzwe bila cheti cha daktari, lakini nenda duka la dawa la mtaani uone kama utaulizwa cheti. Wasomaji wa Dar na Mombasa hii filamu mnaijua, mkorogo ni mkorogo tu hata ukiwa na boksi zuri la kiwandani, uso unakuwa mwekundu, vimishipa vinaonekana, nywele zinaota mashavuni, na ukiiacha ghafla uso unalipuka upya.

Kuhusu kampuni gani, mimi sitangazi mtu. Ila mjue hata wenyewe wanagombana, mwaka 2025 Hindustan Unilever wenye vipodozi vya Lakmé walitoa tangazo la vijembe kwamba kuna sanskrini zinazouzwa sana mtandaoni zinaandikwa SPF 50 na hazifiki huko, kampuni ya Honasa wenye sanskrini za The Derma Co hawakukubali, wakafikishana mahakamani Delhi, na Unilever wakakubali kulirekebisha tangazo. Nani mkweli mimi sijui na wala siyo kazi yangu, ila kwa mnunuzi limebaki swali zuri la kuuliza: hiyo SPF yenu mmepima juu ya ngozi za watu au mmekadiria maabara tu? Kampuni iliyopima kwa watu huwa inajisifia, itakuwa imeandika kwenye boksi au tovuti yao.

Kipimo cha kupaka ni vidole viwili, cha shahada na cha kati, kamua mstari kuanzia chini mpaka juu, hiyo ni ya uso na shingo. Ndiyo, ni nyingi. Ile SPF ya kwenye boksi ilipimwa kwa kiasi kikubwa hivyo, ukipaka punje ya kunde usitegemee 50. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 50 haimalizi miezi miwili hata ukipaka mara moja tu kwa siku, sasa kama ulinunua sikukuu ya Diwali, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na Holi ya mwezi wa tatu inakaribia bado unakamua hiyo hiyo basi tatizo siyo aina ya sanskrini. Masikio usisahau, na juu ya mdomo ambapo melasma inapenda kukaa. Ukiwa juani rudia kila baada ya masaa mawili, ukiwa ofisini rudia kabla ya kutoka kwenda kula mchana.

Wenye ualbino niwatoe kwenye maneno yangu yote ya hapo juu kuhusu SPF, kwao kuungua ndiyo hatari yenyewe na saratani iko karibu, ndiyo maana kule Moshi wanatengeneza sanskrini ya Kilisun kwa ajili yao. Hao wasipunguziwe namba.

Halafu mabinti wa Pune wana kitu ambacho naona wanakipuuza wakati ni bora kuliko tyubu yoyote. Simama FC Road saa saba mchana taa zikiwaka nyekundu, skuta kumi zimesimama mbele, kila binti kazungushia skafu ya pamba kichwa kizima, imepita puani ikafungwa nyuma, miwani ya jua, halafu mikononi glavu ndefu mpaka juu ya kiwiko. Wanafanya kwa vumbi na moshi, wengine kwa kuogopa weusi, mimi sababu hainihusu. Nguo iliyofumwa vizuri inazuia UV na mwanga wa kawaida kwa pamoja, haitoki kwa jasho, na skafu unaipata pale pale pembeni ya barabara kwa hela ndogo. Paka sanskrini, juu yake skafu, na ukifika usiiache tyubu kwenye kiboksi cha chini ya siti ya skuta, mwezi wa tano mle ndani panachemka na ile losheni inajitenga, utaona maji yanatangulia kutoka ukikamua. Ikishafika hapo tupa.